Hema Lilihama, Thome Ikabaki

Nilizaliwa Makueni, upande wa Matiliku, katika nyumba ambayo baba yangu aliijenga karibu na kanisa kwa sababu alitaka kuisikia kengele vizuri. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, na ndugu zake walimnunia muda mrefu aliponipeleka shule ya misheni, maana wakati huo msichana wa kwenda shule alihesabiwa kuwa hasara. Ilipofika mwisho wa miaka ya arobaini nilikuwa nimefundishwa katika hospitali ya misheni kuosha vidonda, kuzalisha, kupima homa na kuchoma sindano. Nilikuwa na Kikamba cha mama yangu, Kiswahili cha sokoni, na Kiingereza cha kutosha kuelewa hata maneno ambayo sikuwa nimeambiwa mimi.

Miaka ya hamsini ilipoanza, tulisikia kwamba huko Kitui kuna homa inayowamaliza watu. Haikuwa malaria, maana malaria tuliijua. Hii iliwashika zaidi watoto wa kiume na vijana. Homa ilikuja ikaenda, ikarudi tena, na kila iliporudi tumbo lilizidi kufura upande wa kushoto, chini ya mbavu, mahali pa wengu. Mikono na miguu ilikonda ikawa kama fito. Ngozi iliingia weusi kama wa masizi, pua ikatoka damu, na baada ya miezi mtu akazikwa. Waganga wetu waliwachanja wagonjwa kwa wembe juu ya ule uvimbe, na wengine waliwachoma kwa chuma cha moto, nami nimeyaona makovu hayo kwenye matumbo ya watoto wadogo sana.

Serikali ilituma kikosi cha daktari. Kikosi kikakwama siku za mwanzo tu, kwa sababu akina mama walikataa katakata wanaume wasiowajua wawashike matumbo wao na mabinti zao. Ndipo misheni ikaombwa itoe mwanamke wa kutafsiri, nami nikaitwa. Baba aliniombea, mama akanifungia unga na maharagwe kwenye kiondo, nikapanda lori.

Siku za kazi nililala kambini, mwendo mrefu wa lori kaskazini ya Migwani, kwenye nchi kavu ya miiba na udongo mwekundu. Mwisho wa juma nilirudi Migwani, kwa familia ya Waislamu iliyotoka pwani zamani na kufungua duka la nguo na chumvi. Mama wa nyumba ile alinipa chumba cha nyuma bila kuniuliza habari za dini yangu. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyesema Kikamba vizuri kuliko mume wake, na alinicheka kwa namna nilivyokisema mimi. Watu wa Kitui wote walinicheka. Kikamba cha Makueni masikioni mwao kilikuwa kama wimbo ulioimbwa kwa sauti isiyo yake.

Kazi yangu ilikuwa nyepesi kuieleza. Daktari, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alisema, nami nikasema baada yake. Waambie wapange mstari. Waambie wavue mashati. Mwambie huyu mama amshike mtoto vizuri, sindano itaingia kwenye mfupa na itauma. Sitamsingizia mtu huyo. Mikono yake ilikuwa mizuri, hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, na alifanya kazi hata jua la saa nane lilipowafanya wengine wote wajilaze. Lakini kila siku watu walimuuliza swali moja. Ugonjwa huu unatoka wapi? Na kila siku jibu lake lilikuwa moja, kwamba niwaambie bado uchunguzi unaendelea.

Kikamba changu hakikuwa na neno la uchunguzi kwa namna alivyomaanisha yeye. Nikawa nasema, bado tunatafuta. Asubuhi moja mwanamke mzee aliyekuwa kwenye mstari akaniuliza kwa upole tulikuwa tumepoteza nini kwao, na kama tulichokuwa tukitafuta kilikuwa mwilini mwa mjukuu wake, mbona tulichukua damu yake tukaenda nayo na hatukurudi kumwambia tumekiona au hatukukiona. Watu walicheka, nami nikacheka. Jioni nilipokumbuka, kicheko kiliniishia. Alikuwa amesema kweli tupu. Tulitoboa mifupa ya watu, tukaweka damu kwenye vioo vya kupimia, vioo vikaenda mjini, na majibu yakakaa huko mjini. Waliokutwa na ugonjwa walifuatwa na lori pamoja na askari kanga, wale wa chifu, wakapakiwa kwenda kuchomwa sindano hospitali ya mbali, wala hakuna aliyewaambia ndugu zao jina la ugonjwa, wala sindano zitaendelea hadi lini.

Katika watu hao palikuwa na mama mmoja ambaye hajanitoka moyoni. Mume wake alifanya kazi ya reli upande wa Makindu na alikuja nyumbani mara chache. Mama huyu aliishi katika boma la baba mkwe wake, mzee mkali mwenye mguu mmoja uliokakamaa. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekufa kwa homa ile ile kabla kikosi hakijafika. Wa pili, mvulana wa kuchunga mbuzi, alikuwa ameanza kufura. Nilimshika tumbo mimi mwenyewe. Wengu lilikuwa gumu chini ya vidole vyangu, limeshuka karibu na kitovu.

Mama alitaka mtoto atibiwe. Mzee alikataa. Nilipokwenda kumsihi, hakunifukuza. Alinieleza sababu yake. Kijana wa jirani yake alichukuliwa na lori kabla ya mavuno. Ndugu zake walingoja. Walikwenda kwa chifu, chifu akasema hajui. Baadaye sana dereva mmoja, si daktari wala chifu, ndiye aliyewaambia kwamba kijana yule alifariki na akazikwa huko huko. Hawakuoneshwa kaburi. Hawakupewa hata shuka aliyokwenda nayo.

"Mbuzi wangu akipotea, mchungaji hunionesha hata ngozi," mzee aliniambia. "Ninyi mnachukua mtu, hamrudishi hata neno."

Kwa hiyo mvulana alibaki, na ili kumlinda asije akachukuliwa wakati wazee hawapo, babu yake alimweka karibu naye pale thome. Wasio Wakamba huenda hawaijui thome. Ni uwanja ulio nje ya lango la boma, ambapo wanaume hukaa jioni, huwasha moto, huota, huzungumza mambo ya ng'ombe na mahari na kesi, na wavulana hukaa pembeni wakijifunza adabu. Wanawake huleta chakula, huweka chini, huondoka. Thome ya mzee huyu, kama nyingi nilizoziona upande ule, ilikuwa ubavuni mwa kichuguu kikubwa cha zamani, kilichokatika na mvua kikawa kama kiti chenye mgongo. Udongo wa kichuguu hutunza joto la jua, na mgonjwa mwenye baridi ya homa huona raha kuuegemea. Ndipo mvulana alipokaa kila jioni, ameufunika mwili kwa blanketi, kichwa chake kikiwa nje karibu na matundu yale.

Wakati huo daktari alikuwa ameanza kazi mpya. Aliletewa mwenzake, Mzungu mwingine aliyeshughulika na wadudu. Wawili hao walikata karatasi, wakazipaka mafuta ya mbarika, wakazichomeka kwenye matundu ya vichuguu na kuziacha. Asubuhi walizikusanya zikiwa na vijidudu vilivyonasa, vidogo kuliko mbu, vyenye manyoya na mabawa yaliyosimama. Sisi tunawaita usubi. Huuma mtu kabla hajawasikia.

Fikiria mambo hayo kwa macho ya wenyeji. Wageni waliokwisha kuchukua damu ya watoto sasa wanatia karatasi zenye mafuta kwenye vichuguu vya watu, karibu na milango yao, bila kusema lolote. Ingekuwa wewe ungeita nini? Waliita uchawi. Waling'oa karatasi na kuzichoma, chifu akaja na askari kanga, wanaume wawili wakachapwa. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaambia kwamba karatasi za serikali haziguswi. Waliniuliza ni za nini. Nikamuuliza daktari, akasema niwaambie ni kazi ya serikali.

Siku moja alasiri nilikuwa nikichemsha sindano nyuma ya hema la dawa. Wale wawili walikuwa wakinywa chai upande wa pili wa turubai. Sikujificha, na wao hawakupunguza sauti, maana hawakuniweka katika hesabu ya watu wanaosikia. Daktari alisema kwamba yeye sasa ana hakika karibu yote. Kila boma lenye wagonjwa wengi lilikuwa na kichuguu penye thome. Wanaougua ni wale wanaokaa hapo jioni, na wanawake waliokuwa jikoni wakati huo waliugua kwa uchache. Alisema ugonjwa wenyewe, kalaazar kama walivyouita, ulikuwa umeonekana kwa askari kule mpakani kaskazini wakati wa Vita Kuu ya pili, na hata huko watu walivishuku vichuguu. Mwenzake akamuuliza kama ndiyo sababu hema lake lilihamishwa. Daktari akacheka. Akasema ndiyo, na chandarua amebadilisha, ameagiza chenye matundu madogo zaidi.

Na kweli, juma lililotangulia hema lake lilikuwa limeng'olewa na kupelekwa kwenye mwamba ulio wazi, mbali na vichuguu vyote. Sisi tuliambiwa ni kwa ajili ya upepo. Mahema yetu, mimi na wapishi na madereva, yalibaki pale pale.

Nilizima moto. Nilizunguka turubai nikasimama mbele yao, jambo ambalo halikufanywa, nikamuuliza daktari kwa Kiingereza mbona hatujawaambia watu.

Hakukasirika mwanzoni. Alinieleza kama mwalimu. Jambo hilo halijathibitishwa, alisema. Tukiwaambia leo, na kesho ikaonekana si kweli, hawatatuamini tena. Na tena watu hawa wakiambiwa nusu ya jambo wataligeuza kuwa ushirikina. Lazima kwanza aandike, wakubwa wake wasome, wakubali, ndipo maelekezo yatolewe kwa njia ya chifu.

"Itachukua muda gani?" nikamuuliza.

Akasema pengine mwaka, pengine zaidi.

"Hema lako halikungoja wakubwa," nikamwambia.

Mwenzake alitazama ndani ya kikombe chake. Shingo ya daktari ikazidi wekundu, akasema hilo ni jambo tofauti, na kwamba mimi nililetwa kutafsiri maneno yake na si kuyaongezea. Nikarudi kwenye sindano zangu. Hadi leo sijapata mtu wa kunieleza tofauti aliyoisema ilikuwa ipi.

Jumamosi hiyo nilifika Migwani nikiwa sina hamu ya chakula. Mama wa duka aliniona, akanikalisha jikoni, na nikamweleza yote. Nilisema ninakwenda kusimama kwenye kila thome niwaambie wanaume wahame. Alinisikiliza huku akichambua mchele. Akanikumbusha kwa utaratibu kwamba mimi ni msichana asiyeolewa, mgeni kutoka Makueni, mwenye kusema Kikamba cha kuchekesha, na ninayekuja kwa lori moja na askari wanaochapa watu. Nani katika wazee wale angekaa anisikilize?

"Waambie wanaopika," alisema. "Mwanamume hufuata sahani."

Mume wake, aliyekuwa mlangoni, alisema maneno hayo yatatuletea shida dukani. Mama akamjibu kwamba wateja wakifa wote shida itakuja vile vile. Yule bwana akarudi dukani, lakini Jumatatu asubuhi, kabla sijapanda lori, nilimsikia mwenyewe sokoni akiwauliza wanunuzi wa chumvi thome zao ziko wapi.

Nilianza kisimani. Huko kaskazini kisima ni shimo linalochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, na wanawake hungojea zamu, maji yakijikusanya polepole. Mtu husubiri sana, na mahali penye kusubiri sana pana masikio. Niliwaambia nilichokijua na nikatenga nisichokijua. Niliwaambia kuna kijidudu kinachokaa kwenye matundu ya kichuguu. Wanaochunguza wanaamini, lakini hawajamaliza kuhakikisha, kwamba ndicho kinachopeleka homa kutoka kwa mgonjwa hadi kwa mzima. Kinaruka giza linapoingia. Hakiendi mbali. Zile karatasi ni mtego wake, na vichuguu vilishukiwa tangu wakati wa vita. Niliwaambia pia jina la ugonjwa, na kwamba una dawa, na kwamba dawa hiyo ni sindano za kila siku kwa mwezi na pengine zaidi, na anayeanza mapema hupona mara nyingi, na anayechelewa huenda asipone. Hakuna hata neno moja hapo lililohitaji kusoma vitabu. Walielewa yote. Waliuliza maswali mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa darasani. Kama kijidudu kinatoka kwa mgonjwa, alisema mmoja, basi mgonjwa kukaa pale thome ni kuwawekea wengine sumu. Na mwingine akauliza, tukikibomoa kichuguu wadudu watakwenda wapi, si wataingia nyumbani? Nikasema sijui. Niliona kwamba neno hilo, sijui, halikunipunguzia heshima hata kidogo.

Yule mama wa mvulana hakuuliza kitu. Alijaza mtungi wake, akaondoka.

Jioni ya pili yake hakupeleka chakula thome. Alipakua isyo, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, akaweka katikati ya ua karibu na ghala, mbali na lango, akamtuma mtu kuwaambia wanaume kwamba chakula kiko ndani. Mzee hakuja. Alilala na njaa. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na wake wa mashemeji zake wakafanya kama yeye, kisha boma la jirani, na la jirani yake. Hakuna aliyepiga kelele. Chakula kilipikwa vizuri, kikawekwa mahali pasipo na kichuguu, basi. Vijana ndio walioshindwa kwanza. Wazee walibaki thome wamejifunika mablanketi, wamekasirika, na hasira hiyo wakaiweka juu ya kichwa cha anayestahili, yaani mimi.

Niliitwa. Mzee wa mguu uliokakamaa alimtuma mtu kambini asubuhi, nikaenda bila kuomba ruhusa. Walikuwa wazee wengi pale thome, na mvulana alikuwa ameegemea kichuguu chake, macho yamemtoka, blanketi limemzidi. Sikukaribishwa kukaa, na mwanamke hakai hapo. Mzee aliniuliza kama baba yangu alinifundisha kuvunja maboma ya watu kwa maneno ya kisimani. Akasema nimewageuza wake zao. Akasema thome ile aliianzisha babu yake, na kesi za ukoo zimekatwa pale, na hakuna Mkamba aliyekufa kwa kukaa.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya adabu. Yalinitoka yote. Nilikuwa nimechoka kuwa katikati ya watu wanaojua wasiosema na watu wasiojua wasiotaka kuambiwa. Niliwaambia kwamba mimi sikuja kuwahamisha. Nilikuja kuwapa habari ambayo ni yao, iliyotolewa kwenye damu yao na kwenye vichuguu vyao, na ambayo walikuwa wanafichwa. Nikawaeleza kama nilivyowaeleza wanawake, hadi mahali pa kusema kwamba daktari mwenyewe bado hajahakikisha. Mzee mmoja akadakia hapo hapo kwamba basi ni maneno ya upepo.

"Hajahakikisha," nikasema, "lakini hema lake amelihamisha. Lilikuwa karibu na kichuguu, sasa liko juu ya mwamba. Nendeni mkatazame."

Mzee aliigeuza fimbo yake mkononi. Kisha akaniita mwiitu, neno la kumwitia binti wa nyumbani, ambalo hakuwa ameniita tangu tujuane.

"Mwiitu, hilo la hema ungeanza nalo."

Alimtuma kijana mmoja aende kutazama kweli, maana hakuwa mtu wa kuamini jambo lisiloonwa, na kijana alipothibitisha, alasiri hiyo hiyo mafiga ya moto na viti vyao vya miguu mitatu vilibebwa kupelekwa uwanda wa wazi upande wa pili wa boma. Na kabla sijaondoka aliniuliza swali la pili, ambalo naamini ndilo lililomkaa rohoni siku zote. Akaniuliza kama mjukuu wake akienda kuchomwa sindano, na Mungu akimchukua huko, nitamletea habari mimi mwenyewe. Nikamwambia nitamletea. Na kwamba mama yake ataruhusiwa kwenda naye, hata kama itanibidi nilale mbele ya gurudumu la lori.

Sikulala mbele ya gurudumu, lakini nilikaribia. Dereva alisema kanuni haziruhusu. Nilipanda nikakaa kwenye kiti chake nikakataa kushuka, na daktari alipokuja kuuliza kelele za nini, alitazama mama na mtoto, akatikisa mkono, wakaenda wote wawili. Nalitaja hilo kwa sababu ni haki yake.

Mvulana alichomwa sindano muda mrefu. Alitapika, akalia, mapaja yakavimba. Wengu likaanza kurudi polepole, ngozi ikapata mng'ao, kisha siku moja akamwomba mama yake nyama. Habari hiyo niliipeleka mimi kwa mzee, kama nilivyoahidi, nikiwa njiani kurudi kwetu, kwa maana nilikuwa nimefukuzwa.

Chifu alikuwa amepeleka mashtaka kwamba mkalimani anaeneza uvumi na kuwachochea wanawake. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, watu walipofungwa kwa tuhuma tu, na neno kuchochea halikuwa neno la mchezo. Daktari angeweza kusema jambo moja tu, kwamba nilichokisema kilikuwa ni kile alichokiamini mwenyewe. Hakulisema. Aliniambia, bila kunitazama, kwamba anasikitika, na kwamba nilikuwa mfanyakazi mzuri nisipojisahau. Nilipakia kiondo changu. Mama wa duka alinifungia kanga mbili na halua, akalia kuliko nilivyolia mimi.

Nilirudi Makueni nikaolewa, nikaendelea na kazi ya kuzalisha upande wa Kalamba. Muda ulipita. Siku moja palikuwa na baraza, akaja ofisa wa afya kutuhutubia juu ya vyoo. Katika kutusifia serikali alieleza jinsi huko Kitui homa ya wengu ilivyopungua, kwa sababu serikali iligundua hatari ya vichuguu na ikawaelimisha wananchi, nao baada ya ukaidi mwingi wakatii. Nilikuwa nimekaa na akina mama wa kanisa, mtoto wangu mgongoni. Ukaidi. Wale wanawake waliopakua chakula mbali na lango, wazee waliohamisha moto wa babu zao kwa alasiri moja baada ya kuambiwa ukweli, ndio waliokuwa wakaidi. Nilisimama nikasema kwamba mimi nilikuwapo, na sivyo ilivyokuwa. Nikasema watu walihama kabla ya amri yoyote, na kilichochelewa hakikuwa utii wao. Ofisa alinishukuru kwa maoni yangu na akaendelea na vyoo. Mume wangu alinivuta nguo niketi. Sikuketi hadi mkutano ukaisha.

Mara moja tu nilirudi kule kaskazini, kumsindikiza jamaa aliyeoa huko, na nikapita kwenye lile boma. Mzee alikuwa amefariki kwa uzee. Mvulana alikuwa kijana mwenye mabega mapana, yuko malishoni, sikumwona. Mama yake alinipikia, tukakaa karibu na ghala, tukazungumza habari za mvua na za mumewe aliyekuwa bado reli. Alipokuwa akinisindikiza njiani aliniuliza jambo ambalo, alisema, lilimjia kila alipomtazama yule wa pili akila.

"Yule wangu wa kwanza," alisema. "Ulisema walivishuku vichuguu tangu wakati wa vita. Kwa hiyo alipokuwa akiota moto pale, kulikuwa na mtu mahali fulani anayejua?"

Nilimwambia kwamba huenda alikuwapo. Aliitikia kwa kichwa, akanishika mkono kidogo, akarudi nyumbani kwake. Nilipanda kilima kuelekea barabarani, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba nililipita lori lililosimama kunichukua, nikaendelea kutembea kwa miguu.